Walituhesabu Tukisikiliza Muziki

Jeneza lilikuwa chini. Chini kabisa, juu ya kokoto za barabara ya malori, mbele ya geti la bati lililopakwa rangi ya bluu, na nyuma yetu lori la sangara linapiga honi. Hivyo ndivyo nilivyoagana na mama ambaye habari za msiba wake nawapasha leo, wasomaji wangu. Alifia hospitali mjini baada ya kuugua moyo kwa muda mrefu, na siku hiyo tulikuwa tunamrudisha kijijini kwake, kule ufukweni ukishapita Kisesa, tumzike nyuma ya nyumba yake karibu na mumewe. Wanawake wenzake wa kuanika dagaa walikuwa wamekubaliana jambo moja dogo. Kabla ya kaburini, apitishwe kwenye kile kiwanja cha mchanga kilicho kando ya ziwa, akae pale muda wa wimbo mmoja, halafu safari iendelee. Kwenye kiwanja hicho alianika dagaa tangu akiwa msichana. Na kwenye kiwanja hicho hicho, kila mwaka baada ya pamba kuvunwa, alitukusanya kwa ngoma watu wa vijiji vyote vya jirani, wazee kwa watoto, bila mtu kulipa wala kulipwa. Leo kiwanja kina uzio, kina geti, kina mlinzi.

"Mama zangu, funguo mimi sina," mlinzi alisema kupitia tundu la geti. "Iko kwa bosi, na bosi yuko mjini."

"Na hiyo inayoning'inia kiunoni ni nini, hirizi?" akauliza mmoja wa wale wanawake.

"Hii ya choo."

"Basi tufungulie choo, tutapitia huko huko."

Watu walicheka, na walioshika jeneza nao walicheka, mabega yao yakatikisika nalo likatikisika. Mwanamke yule akasogeza uso kwenye tundu. "Hebu nikuone vizuri. Wewe mama yako si alikuwa anaanika hapa ndani, wewe umefungwa mgongoni unalia mpaka unatufukuzia kunguru?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, fungua."

"Nikifungua, kesho na mimi nitakuwa huko nje na nyie."

Alikuwa amesema kweli. Mikono ikachoka, jeneza likatuliwa chini. Katekista akatazama jua. Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Wazee, samaki wanaharibika!" Mzee mmoja wa upande wa marehemu akamgeukia akamwuliza, "Na huyu hapa chini ni gunia?" Dereva akarudisha kichwa ndani, lakini mkono wake haukuondoka kwenye honi. Mwisho tukamwinua mama, tukasogea naye pembeni kwenye majani, tukijua tunachokifanya na tukakifanya hivyo hivyo. Na geti likafunguliwa! Kwa ajili ya samaki lilifunguliwa, na aliyelifungua ni mtu mwingine aliyekuwa ndani na funguo zake. Lori likapita, tukauona mchanga kidogo na maji nyuma yake, kisha mabati yakakutana tena mbele ya macho yetu. Wimbo uliimbwa huko huko kwenye majani, sauti mbili tatu, ukakatika katikati kwa kilio.

Yule mlinzi simlaumu, ana watoto. Ninaowalaumu nitawataja kwa vyeo vyao, maana safu hii haina desturi ya kuandika majina. Lakini vyeo vina miguu, vitatembea vyenyewe mpaka mlangoni kwa mhusika.

Nianze na marehemu. Hakuwa ndugu yangu. Nilimfahamu nikiwa mfunga marobota kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, yeye akija siku za mishahara na beseni la dagaa kichwani. Alikuwa mfupi, mweusi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na mkononi alikuwa na ufagio wa njiti karibu saa zote, kwa sababu dagaa ukiwaanika kwenye mchanga mchafu mnunuzi anatafuna kokoto. Kwa ufagio huo alitoa amri zake. Juma moja kabla ya tamasha alikuwa akipita nyumba hadi nyumba akielekeza kwa njiti: wewe mkeka, wewe kuni, wewe chungu cha maji, wewe ugali wa wageni. Hapakuwa na kamati, hapakuwa na mhuri, hapakuwa na mgeni rasmi. Mkuu mmoja wa idara aliwahi kuomba aandaliwe kiti cha mbele. Akaambiwa viti vipo kwa wajawazito, na kama naye ni mjamzito aseme apewe. Alikaa kwenye mkeka na suti yake, na ninavyokumbuka alifurahi sana.

Tamasha lilianza umande ukikauka, likaisha mbuzi wanaporudi zizini, ili mama mwenye watoto asipate taabu ya kurudi. Pombe haikugusa mchanga ule. Na sharti lilikuwa kwamba watu wacheze kama familia: bibi, mkwe, mjukuu, wote kwenye mstari mmoja. Kuna mwaka walikuja vijana kutoka upande wa Usagara, wamevaa njuga mpya na ngozi, kikundi kizima ni wanaume wenye misuli. "Mama zenu wako wapi?" akawauliza. Wakasema wamewaacha nyumbani. Tulidhani atawarudisha, lakini kanuni yake nyingine ilikuwa kwamba aliyekuja na muziki hafukuzwi. Akageukia mikeka akaita, "Jamani, hawa watoto hawana bibi. Nani anaazima?" Wakapewa mabibi wanne. Wale vijana walicheza na mabibi wa kuazima mpaka jasho likawatoka, na bibi mmoja akawaacha mbali kwa kuruka. Mwaka uliofuata walikuja na mabibi wao wenyewe, wamekaa kwenye mkokoteni wa ng'ombe kama maharusi.

Sasa sikilizeni utaratibu wa kushindana, kwa sababu ndipo tulipoumizwa. Kwa Wasukuma ni jambo la kawaida tangu zamani, lakini msomaji wa mbali huenda halijui. Makundi mawili yanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, hili huku na lile kule, na katikati mama alilaza kamba ya katani. Jaji hakuna. Watu wenyewe wanakwenda wanakovutwa. Ngoma hii ikinoga unavuka kamba, ile ikipamba moto unarudi, na watoto wanavuka mara mia. Filimbi ikilia kila mtu anasimama alipo, na upande wenye watu wengi ndio umeshinda. Hakuna aliyehesabu kichwa hata kimoja. Mama alitembea juu ya kamba na ufagio wake, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema, "Mmeona wenyewe." Wakati mwingine walilingana, basi wakapikiwa sufuria moja.

Yeye mwenyewe alikuwa na tabia ambayo wengi hatukuitambua mpaka baadaye. Kulikuwa na familia ya Wahindi wenye duka la vitenge mjini, Nyamagana, ambao walikuwa wakipita kijijini kwa biashara. Mwaka mmoja yule mfanyabiashara alikuja na mkewe, watoto wake na mama yake mzee sana, wamebeba kinanda chao kile cha kuvuta upepo kwa mkono na vigoma viwili vidogo. Wakapangwa kupambana na wacheza majembe. Nyie mnawajua wacheza majembe, jembe linarushwa juu linapotea kwenye jua na linadakwa kwa mgongo. Filimbi ya kuanza haijamaliza kulia, watu wote tumehamia huko. Bibi wa Kihindi anaimba peke yake mbele ya mchanga mtupu. Nikageuka nikamwona mama mwenye tamasha amesimama kwao, peke yake, ameegemea ufagio.

"Mama, si lazima," yule mfanyabiashara akamwambia, uso umemshuka.

"Nani kasema lazima? Nasikiliza. Wewe piga."

Wakaja wanawake watatu wa dagaa. Wakaja watoto kwa sababu ya vile vigoma. Wahindi walishindwa, tena vibaya, lakini walirudi kila mwaka, na yule bibi alikuwa akifika anauliza kwanza, "Leo nani atanipiga?" Ndipo baadaye nilipokumbuka kwamba mama hakuwahi kusimama upande wa walioshinda. Kila mwaka ukimtafuta utamkuta kwa waliokimbiwa. Hakusema kitu juu ya jambo hilo na sidhani aliliona kuwa ni jambo.

Halafu soko huria likaingia. Sitaki kusema uongo kwamba kila lililokuja nalo lilikuwa baya. Hili koti nililovaa nikiandika ni la mtumba na ni zuri kuliko yote niliyowahi kuvaa. Zamani tulipanga foleni ya sabuni, siku hizi sabuni inakufuata mlangoni. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja, tukawashangilia, kisha siku moja kwenye kiwanda chetu mashine zikanyamaza, na sisi wafunga marobota tukagawiwa barua ambazo wengine tuliomba tusomewe. Mimi ni wa darasa la nne, nilisoma yangu mwenyewe, polepole, na nilipofika mwisho nilirudia mwanzo nikidhani nimekosea. Ziwani nako sangara akawa dhahabu. Minofu ikaanza kwenda kwa ndege nchi za watu, sisi tukabaki na mapanki, ule mgongo wenye kichwa na mkia. Lakini badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa la ukimya, hukulisikia likija. Zamani kitu kisicho na mwenyewe kilikuwa chetu sote. Siku hizi kitu kisicho na mwenyewe kinamsubiri mwenyewe. Mchanga wetu haukuwa na hati wala jiwe la mpaka. Ulikuwa na dagaa asubuhi na ngoma mara moja kwa mwaka, na kwa macho ya ofisi huo ni utupu.

Ufukwe huo ulitakiwa kwa ajili ya kambi ya kupokea samaki. Mwekezaji mimi sijamwona mpaka leo, namjua kwa rangi ya geti lake. Sheria ilikuwa inataka mkutano mkuu wa kijiji ukubali, na mwenyekiti wa kijiji wa wakati huo alijua shida yake: mikutano yake haikuwa na watu. Akiitisha mkutano wanakuja wazee sita na mbwa. Mara moja tu kwa mwaka kijiji kizima kilikuwa mahali pamoja, na siku hiyo hakuiitisha yeye, aliiitisha mwanamke na ufagio.

Mwaka huo, mchana, ngoma ikiwa katikati, likaja gari dogo la mizigo. Wakashusha jenereta, wakashusha spika mbili kubwa kama makabati ya nguo. Mwenyekiti alikuwa ndani ya gari. Akamwendea mama kwa heshima zote, akamwambia, "Mama, wageni wetu wameleta burudani. Nao wanaomba kupambana."

"Wana familia?" mama akauliza.

"Sisi si familia yao? Kijiji kizima."

Mama akacheka. Aliyekuja na muziki hafukuzwi, kanuni yake mwenyewe. Akaelekeza kwa njiti: wakae kule, ng'ambo ya kamba. Upande huu ikabaki familia moja ya wavuvi wa Kikerewe, babu na zeze lake na wajukuu wenye manyanga.

Jenereta likanguruma, gitaa likatoka kwenye yale makabati, na mimi nawaambia nilikuwa sijawahi kulisikia gitaa hivyo, linapita kifuani kwanza ndipo linafika masikioni. Kulikuwa na soda za bure zilizolowekwa kwenye pipa la maji. Kulikuwa na kofia. Nilikuwa sina kazi, nina hasira, nimechoka kusikilizana na wazee, na muziki ule ulikuwa haunijui wala haunidai chochote. Nikavuka kamba. Nilivuka na soda moja, nikapewa ya pili, nikacheza kama chizi. Karibu wote tulivuka. Kwa babu wa zeze walibaki watu unaoweza kuwalisha kwa sufuria moja ndogo, na katikati yao mama na ufagio wake.

Filimbi ikalia, tukasimama. Hapo ndipo mtendaji wa kijiji alipotokea nyuma ya spika na daftari la shule, akaanza kupita katikati yetu akigusa mabega kwa kalamu. Moja, mbili, tatu. Tulidhani kofia zaidi zinakuja. Mimi niliinua mkono anione! Mama akavuka kamba akamfuata.

"Baba, unahesabu nini? Hapa hatuhesabu."

"Takwimu tu, mama. Za wilaya."

"Takwimu za kucheza?"

"Mama, wewe umeshindwa leo, kubali," mwenyekiti akaingilia kwa utani, na sisi tukacheka. Nilicheka na mimi, naandika hapa mlijue.

Mvua zilipokaribia wakaja wapima ardhi na nguzo. Wanawake wakawazuia na mabeseni, ikabidi mwenyekiti aje na faili. Akasoma mbele yetu sote, karatasi iliyopigwa mashine, ina mhuri: kwamba mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika kwenye uwanja wa wazi, kwamba akidi ilitimia, kwamba wananchi waliulizwa, na kwa mujibu wa mila na desturi zao walionyesha uamuzi wao kwa kusimama, ambapo waliosimama upande wa mwekezaji walikuwa wengi mno na waliosimama kupinga walikuwa wachache. Idadi zote mbili ziliandikwa. Ile ndogo ilikuwa ni babu wa zeze, wajukuu wake, mama, na wanawake wachache wa dagaa. Wajukuu wadogo nao wamo, mmoja alikuwa ananyonya. Kuna mzee alinyoosha mkono akasema, "Lakini ile ilikuwa ngoma." Mwenyekiti akafunga faili akamjibu, "Mzee, kura ni kura."

Mama alikwenda wilayani kwa miguu na kwa magari ya kuomba, sijui mara ngapi. Bwana ardhi alimpokea vizuri, akamkalisha, akamweleza kwa upole kwamba serikali inaheshimu mila. "Nyie wenyewe ndivyo mnavyoamua mambo yenu, mama. Mlifundishana wenyewe, sisi tumeandika tu." Aliponisimulia maneno hayo ndipo nilipoona alivyoumia. Wangemnyang'anya kwa bunduki angetukana akalala. Walimnyang'anya kwa kamba yake mwenyewe.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Ilinichukua miezi kupata ujasiri. Nilimkuta kando ya barabara kuu, maana baada ya uzio wanawake walikuwa wanaanika dagaa kwenye vyandarua vikuukuu pembezoni mwa lami, magari yakipita dagaa wanakula vumbi. Nikachuchumaa. Nikamwita mama kwa Kisukuma, nikamwambia, "Mayu, nimekuja kwa lile la siku ile. Mimi nilivuka. Naomba unisamehe." Akaendelea kugeuza dagaa mpaka nikadhani hakunisikia.

"Ulivuka kwenda wapi?"

"Kwenye spika."

"Kufanya nini?"

"Kucheza."

"Ulicheza?"

"Nilicheza."

"Basi ulikwenda kucheza na ukacheza. Unaniomba msamaha wa nini?" Akanitazama, na macho yake hayakuwa na huruma hata kidogo. "Sikiliza, baba. Ukiniomba msamaha utakuwa umekubali kwamba siku ile ulipiga kura. Hukupiga. Hapakuwa na kura. Kila anayekuja hapa kulia kwamba alinisaliti anawasaidia wale. Ondoka na msamaha wako, na kama una mikono njoo ugeuze dagaa."

Niligeuza dagaa mpaka jioni. Hajawahi kunielimisha mtu hivyo, na waliojaribu walikuwa na vyeti. Sisi maskini tukidanganywa huwa tunaanza kwa kujilaumu. Tunasema tulikuwa wajinga, tulipenda soda, tulipenda gitaa, tumeyataka wenyewe. Aliyetudanganya anafurahi, kwa sababu tunapomaliza kujilaumu tunakuwa hatuna pumzi ya kumlaumu yeye. Mama yule alikataa. Mtu mwenye haki ya kupenda muziki anaupenda muziki, na hilo halimfanyi kuwa ametia sahihi. Nimeona kwenye miaka hii watu wengi wakihesabiwa bila kujua wanahesabiwa kwa ajili ya nini. Sisi wa kiwandani tuliitwa tupewe chai na mikate tukaandikishwa majina mlangoni, baadaye tukasikia kwamba wafanyakazi walishirikishwa. Kumbe kushirikishwa kuna ladha ya mkate.

Na tamasha hakuliacha. Mwaka wa kwanza wa uzio alilifanya nje ya uzio, kwenye barabara ile ile ya malori, na kwa sababu pale ni pembamba kamba aliilaza kukatiza njia, kundi moja upande wa juu, moja upande wa chini. Lori likija linasubiri wimbo uishe. Dereva mmoja alishuka akavuka kamba mara tatu kama mtoto. Mtendaji akaletwa mbio na barua kwamba mkusanyiko hauna kibali. Mama akamwambia hajui kusoma, asomewe. Akasoma. "Sijasikia, ngoma zina kelele. Soma tena, kwa nguvu, na watoto wapate." Akasoma tena. "Ile sehemu ya katikati, rudia." Alirudia mpaka wanawake wakaanza kuitikia kila mwisho wa sentensi kama kiitikio, na mtu wa manyanga akamwekea pigo. Mtendaji wa watu alikunja barua yake akaondoka. Mama na wenzake walilifanya tamasha hivyo kila mwaka, wakipungua, mpaka mwaka jana moyo ulipomlaza. Mwaka jana pia lilifanyika. Aliambiwa hospitali kwamba limefanyika, akauliza kama walifagia.

Sasa amekufa, na mimi simlilii kwa upole. Nimechoka na makala za marehemu zinazosema Mungu alitoa na Mungu ametwaa. Mungu alimtwaa mama, sawa. Kiwanja hakukitwaa Mungu. Mtendaji wa wakati ule, najua umehamishiwa kata nyingine. Lile daftari la shule lilikuwa la kijiji, lirudishe, watu waone majina au waone kwamba hayamo, maana mimi uliponigusa bega hukuniuliza hata jina. Bwana ardhi, ulisema unaheshimu mila zetu. Hukuwahi kufika kwenye tamasha hata siku moja, ungeona kwamba mtu anavuka kamba mara kumi kwa siku na hakuna anayemwandika. Nami niliyevuka nimejitaja, na nipo tayari kusimama mbele ya chombo chochote niseme nilivuka kwa sababu gani. Wengine wote tulioguswa bega siku ile tupo tayari, tumeshazungumza, hata yule mlinzi wa geti amesema atakuja siku yake ya mapumziko.

Lakini wa kwanza kujibu ni wewe, mwenyekiti mstaafu. Njoo kijijini. Njoo mchana, uje na faili lako, ukae mbele ya watu uliowaandika. Soda hatutakupa na matusi hatutakutukana. Umeandika kwamba tuliulizwa, umeandika na jinsi tulivyojibu, umelipigia mhuri jibu letu na kwa jibu hilo watu wamejenga uzio. Mimi nilikuwepo tangu umande mpaka mbuzi wakarudi, na masikio yangu hayana kasoro. Jibu unalo, limekaa ofisini miaka yote hii. Sisi tuliojibu tunadai haki moja tu, na hatutaacha kuidai kwa sababu mwenye tamasha amezikwa. Simama utuambie: ulituuliza nini?